Sura ya Saba: Vitambaa vya Kilima cha Lugala

Inspekta Zaitun Abbasi alipanda kilima cha Lugala polepole, mkono mmoja ukikusanya upindo wa gauni lake, maana miiba ya mikambala haina heshima kwa mtu yeyote, awe raia au askari. Nyuma yake alikuja Koplo Ulimboka akihema kama mvukuto. Mbele alikwenda Bi Gladness, ofisa wa Mfuko wa Uoto wa Asili, ambaye kila walipopita mawe makubwa alisimama na kujifanya anatazama bonde, ili Koplo asijione mzito.

Ilikuwa Novemba, na mvua ilikuwa haijanyesha. Vumbi la barabara ya Buigiri lilionekana kwa mbali likifuata kila gari.

Shauri lenyewe halikuwa refu kulieleza. Lugala ni ardhi ya umma, msitu wa hifadhi uliomalizwa na tanuri za mkaa enzi za baba zetu. Mfuko ulitoa fedha ili miti ya asili irudi. Haikununuliwa miche, kwa sababu chini ya udongo mizizi ilikuwa bado hai na visiki vilikuwa vikichipua kila mwaka. Kazi ya kikundi cha kijiji ilikuwa kuchagua machipukizi machache yenye nguvu kwenye kila kisiki, kuondoa mengine, na kufunga kitambaa chekundu kwenye yale yaliyochaguliwa. Apitaye ajue kwamba ule ni mti, si kuni. Wanakikundi walilipwa posho na Mfuko, na aliyewasimamia alikuwa mtu mmoja mpole aitwaye Nathanaeli.

Nathanaeli aliandika kwamba upande wote wa mashariki umekamilika. Kisha mtu akapiga simu Mfukoni kusema kwamba kilima ni kitupu. Wakaguzi walipofika hawakukuta hata kitambaa kimoja. Wakaandika neno ambalo sisi Watanzania tunalijua sana: hewa. Msitu hewa, ulio kwenye karatasi tu.

Nathanaeli alikuwa mahabusu tangu juzi. Alipoulizwa vitambaa vimekwenda wapi, alinyamaza. Jumatatu, kama hakuna jibu, jalada lingekwenda kwa mwendesha mashtaka, na fedha za awamu ya pili zingepelekwa kwenye kilima kingine, mkoa mwingine.

"Machipukizi yapo," Zaitun alisema akichuchumaa kando ya kisiki.

"Yapo, Inspekta. Kisiki chochote huchipua." Gladness alisema kwa upole, kama mtu ambaye angependa kushindwa katika ubishi huo. "Mfuko haulipii kuchipua. Unalipia kutunzwa."

"Na haya makovu ya panga?"

"Panga hukata hata kuni."

Zaitun alipitisha kidole juu ya kovu. Mkato ulikuwa mmoja, wa mshazari, karibu kabisa na kisiki. Mtu anayetafuta kuni hukata popote mkono unapofika. Alikwenda kisiki cha pili na cha tatu, akakuta mkato ule ule. Machipukizi yaliyobaki yalikuwa yamenyooka kama watoto waliosimama mstarini.

"Kazi ilifanyika," alisema.

"Naweza kuamini hivyo," Gladness alijibu. "Siwezi kuandika hivyo. Mkataba unasema alama ni kitambaa chekundu. Bila alama, wakubwa zangu wataniuliza nimejuaje mti upi ni wao na upi umejiotea."

Koplo Ulimboka alikuwa ameketi juu ya jiwe akishughulika na kiatu. Kamba yake ilikuwa imekatika. Aliangaza huku na huku, akaona ukanda mwembamba wa gome uliozungushwa kwenye chipukizi moja la mkole, akaufungua, akaanza kuupitisha kwenye matundu ya kiatu.

"Baba, rudisha hicho."

Sauti ilitoka njiani. Mama mmoja alikuwa amesimama na mzigo wa kuni kichwani, shingo wima, bila kuushika.

"Shikamoo mama," Koplo alisema. "Ni gome tu hili."

"Marahaba. Hata kiatu chako ni ngozi tu, lakini hatukuchukulii. Rudisha, kina mwenyewe."

Koplo, ambaye kwao Tukuyu watu hawazoei kukaripiwa kwa ajili ya gome la mti, aliuzungusha tena ukanda kwenye chipukizi. Mama aliutazama mkono wake na kusema, "Fundo juu, siyo chini." Kisha akatua mzigo, akafungua kipande cha kamba kilichokuwa kimezidi kwenye kuni zake, akampa. Hakungoja shukrani. Alikuwa ameshainama kuupandisha mzigo tena, na Zaitun alipotoa mkono kumsaidia ndipo walipotazamana.

"Jina lako nani, mama?"

"Yasinta."

"Mwenyewe wa lile gome ni nani, mama Yasinta?"

"Mwenyewe ni mwenyewe," mama alisema, akashuka.

"Wagogo hawa," Ulimboka alinong'ona akifunga kiatu. "Wanakunyima gome, wanakupa kamba."

Zaitun alikuwa akiutazama mzigo unavyoteremka. Kuni zote zilikuwa kavu, vijiti vya kuokota. Hakukuwa na hata tawi moja bichi.

*

Chini ya kilima, karibu na kibao cha Mfuko kilichoandikwa NI KOSA KUONDOA ALAMA, walimkuta Joel akichunga mbuzi. Wakaguzi walikuwa wamemtaja kama mtu wa kwanza wa kushukiwa, kwa kuwa mbuzi hula nguo.

"Kweli, wanakula nguo," Joel alikubali. Alikuwa mzee mfupi, na fimbo yake ilikuwa ndefu kumshinda. "Mwaka jana walikula shuka la mwalimu. Nililipa."

"Na vitambaa vya kilimani?"

"Afande, mbuzi akikuta kijiti kibichi kimefungwa kitambaa, ataanza na kipi?"

Koplo alicheka kabla hajajizuia.

"Basi nenda ukatazame vile vijiti kama vina makovu ya meno," Joel alisema. "Mimi nikipandisha mbuzi pale, mke wangu mwenyewe atanishtaki. Yumo kikundini."

Zaitun alikuwa ameshatazama. Machipukizi hayakuwa na kovu la jino. Alimshukuru mzee, akaliondoa jina lake kichwani, kisha wakaondoka na gari kumfuata mtu wa pili.

Silvano alikuwa fundi baiskeli kando ya barabara ya kuingia Buigiri. Kabla ya Nathanaeli, yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa kikundi, na watu walisema hakuondoka kwa furaha. Zaitun hakuhitaji kumuuliza swali la kwanza. Kwenye usukani wa baiskeli iliyoegeshwa ukutani kilifungwa kitambaa chekundu.

"Hicho umekitoa wapi?"

Silvano alikitazama kana kwamba anakiona leo. "Nilikiokota."

"Wapi?"

"Njia ya kuni, pale korongoni. Kilidondoka tu. Nilikifunga hapo ili niikumbuke baiskeli ya mtu, breki zake ni mbovu."

"Na simu Mfukoni ulipiga wewe?"

Mikono ya Silvano iliacha kazi. Alijifuta mafuta kwenye kaptura, taratibu, kidole kwa kidole.

"Nilipiga mimi. Kwenye kibao kuna namba. Nilipanda siku moja nikakuta vitambaa havipo, nikasema huyu bwana ameviuza au hakuvifunga. Sikusema mwizi, dada. Nilisema kilima ni kitupu. Sikujua watamkamata."

"Ulifurahi walipomkamata?"

"Asubuhi ile, kidogo." Alitazama chini. "Mchana sikufurahi tena. Mtoto wake ana baiskeli, huwa namtengenezea hapa. Amekuja jana akaniuliza baba yake atarudi lini kutoka Mpwapwa."

"Mpwapwa?"

"Nyumbani wameambiwa amekwenda Mpwapwa, semina ya mifugo. Sikumwambia vingine."

Zaitun alikifungua kitambaa kwenye usukani, akakinyoosha juu ya goti. Kilikuwa kizima, pindo hadi pindo. Mbali na fundo la Silvano kulikuwa na mkunjo wa fundo la zamani, ambapo rangi haikupauka kwa jua. Hakikukatwa wala kuraruliwa. Kuna mtu aliyelifungua fundo lile, lililokazwa na jua la miezi, kwa kucha.

Garini alimpa Ulimboka kile kitambaa.

"Mwizi ana muda wa kufungua fundo?"

"Mwizi ana kisu, afande."

"Na mwenye hasira?"

"Anavuta."

"Basi aliyefungua hakuwa mwizi wala hakuwa na hasira. Alikuwa na subira, na alivihitaji viwe vizima." Aliwaza kidogo. "Nawe nikuulize jambo lingine. Kijiji kile kinapikia kuni. Alama zimeondolewa. Ungekuwa mama wa pale, unatafuta kuni za jioni, na mbele yako kuna vijiti vimenyooka, havina alama. Ungefanya nini?"

"Ningekata."

"Hakuna hata kimoja kilichokatwa tangu vitambaa vitoke. Kwa nini?"

Koplo alibadili gia, wakapita mizani ya magari.

"Kwa sababu alama ipo," Zaitun alijijibu. "Wao wanaiona. Sisi hatuioni. Wewe ndiye uliyeifunga kwenye kiatu."

*

Kituoni, Nathanaeli aliletwa kwenye chumba cha mahojiano. Alikuwa na koti la polisi mabegani. Askari wa zamu alimwazima usiku kwa sababu ya baridi, na hakuna aliyekumbuka kumwomba alirudishe. Zaitun aliagiza chai na maandazi, akangoja mpaka mtu ale.

"Kuna jambo moja linanisumbua," alianza. "Kosa lako lina dhamana. Umeambiwa utafute wadhamini wawili. Umekataa. Kwa nini?"

"Sitaki kuwasumbua watu."

"Au hutaki wajue uko hapa."

Nathanaeli alilivuta koti karibu na shingo.

"Vitambaa ulivifunga?"

"Tulivifunga. Kikundi kizima."

"Nani aliviondoa?"

"Mimi ndiye msimamizi. Andika mimi."

"Uliviondoa wewe?"

"Andika mimi, Inspekta."

"Siandiki nisichojibiwa." Zaitun aliweka mezani ukanda wa gome alioufungua mwenyewe kwenye chipukizi moja, walipopitia tena kilimani kabla ya kurudi kituoni, baada ya kuomba ruhusa kwa sauti ingawa hapakuwa na mtu. "Hili ni gome la mkole. Limekatwa jembamba, likasokotwa kidogo, likafungwa fundo juu. Kila chipukizi mlilolichagua lina moja. Ulijua?"

Nathanaeli alilitazama lile gome, na jambo dogo likatokea ambalo mpelelezi asiyelelewa na bibi asingeliona. Aliirudisha miguu yake chini ya benchi. Aliinamisha uso, akaugeuza ukutani, kama vile mtu mkubwa amepita mlangoni.

Zaitun aligeuka. Mlangoni hapakuwa na mtu.

Alikumbuka Kondoa, akiwa binti mdogo, baba yake akiwa amemshika mkono njiani. Ghafla baba alimwachia mkono, akaingia ndani ya shamba la mahindi, mzima mzima, na kofia yake. Bibi, mzaa mama, akapita na kapu lake akitazama upande wa pili. Alipokwisha kupita baba alitoka na majani kichwani, na wala hakueleza. Wakubwa wa Kirangi hawakueleza, na huenda wa Kigogo pia hawaelezi. Mama mkwe humtazami usoni, humwiti jina, humpingi. Na kumshtaki polisi?

"Nathanaeli," alisema taratibu. "Sitakuuliza jina. Nitauliza jambo lingine. Mkeo Ruthu ana mama?"

Mtu yule alisimama, koti likaanguka. Alikwenda akasimama akiielekea kona.

"Ulilijua fundo lake," Zaitun alisema.

"Huwa anafunga hivyo hata kuni zake." Sauti ilitoka ukutani. "Nilipanda kilimani siku moja nikakuta vitambaa vimetoka na magome yamewekwa, moja badala ya moja, hakuna alilosahau. Ningefunga vitambaa upya, ningekuwa nimempinga. Nikaacha. Nikasema miti ni ile ile. Kisha wakaja wakaguzi."

"Kwa nini usiwaambie wakaguzi kwamba alama ni magome?"

"Wangeuliza nani kabadilisha. Na kibao kinasema ni kosa." Aliuweka mkono ukutani. "Ni mzee. Miguu yake inavimba. Mnamleta huku, anakaa wapi?"

"Angekaa pale unapokaa wewe sasa."

"Ndiyo maana nimekaa mimi."

Zaitun aliliokota koti, akalikung'uta, akalirudisha mabegani mwake.

"Asijue niko hapa, Inspekta. Nakuomba hilo tu."

"Nimesikia," Zaitun alisema. Hakuahidi, na Nathanaeli alitambua kwamba hakuahidi.

*

Nyumba ya Bibi Paulina, mama yake Ruthu, ilikuwa ya mwisho kijijini kabla ya njia ya kuni. Walimkuta ameketi kivulini mwa ukuta, miguu ameinyoosha juu ya gunia, akichana gome kwa meno na vidole. Kando yake kulikuwa na kamba iliyokwisha kusokotwa, imezungushwa vizuri kama nyoka aliyelala.

"Mbukwenyi," Zaitun alisema, neno la Kigogo pekee alilojiamini nalo, kisha akaongeza, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbukwa. Kaeni. Huyo mnene apewe kigoda, asikae chini, atashindwa kuinuka."

Ulimboka alikipokea kigoda kwa mikono miwili. Waliletewa maji, wakanywa. Zaitun hakufungua daftari.

"Bibi, nimetoka kilimani. Nimeona mafundo yako."

"Yameshika?"

"Yameshika."

"Gome la mkole halina hiyana. Likikauka linakaza, na kijiti kikinenepa linapasuka lenyewe, halikinyongi. Kitambaa kinanyonga." Alitema uzi wa gome. "Umekuja kwa ajili ya vitambaa?"

"Ndiyo, bibi."

Bibi Paulina alimwita mjukuu wa kike aliyekuwa ndani, akamwagiza kapu. Lilikuja kapu kubwa la ukindu lenye kifuniko. Vitambaa vyekundu vilikuwa ndani, vimefuliwa, vimekunjwa, vimepangwa safu kwa safu kama nguo za mtoto mchanga.

"Kilipotea kimoja korongoni," alisema. "Nilikitafuta sana. Ni mali ya serikali."

Zaitun alikitoa kitambaa cha Silvano mfukoni, akamwekea juu. Uso wa bibi ukachangamka.

"Basi vimetimia. Nilikisoma kile kibao, usidhani sijui kusoma. Kinasema ni kosa kuondoa alama. Mimi sikuondoa alama. Nilibadilisha."

"Kwa nini, bibi?"

Bibi alinyoosha mkono kuelekea Lugala. Kilima kilisimama kahawia kwenye joto, na juu yake anga lilikuwa tupu.

"Mvua yetu hutokea nyuma ya pale. Mama yangu alinionyesha, na mama yake alimwonyesha. Wazee wakienda kuomba mvua walivaa kaniki, nyeusi, rangi ya wingu. Nyekundu ni rangi ya jua na moto. Mwaka huu tumekivika kilima chote nyekundu, juu mpaka chini, halafu tunakaa hapa tunauliza kwa nini mvua inachelewa."

"Unasali, bibi?"

"Nasali Anglikana, nimebatizwa na nimepokea kipaimara, na Jumapili naimba. Mchungaji akisema mvua ni ya Mungu, naitika amina. Lakini mwanangu, hata kanisani hatuendi msibani na gauni la harusi. Mtu akiomba, avae kama mwombaji." Akasokota gome mara mbili tatu. "Kaniki ya kutosha sikuwa nayo. Nikasema, basi nitatumia gome. Gome halimwudhi mtu. Tulikuwa tunafungua wakati wa kuokota kuni, mimi na akina Yasinta, kidogo kidogo. Kila tulipofungua tulifunga. Hakuna mti uliolala bila alama hata siku moja."

"Hukumwambia msimamizi?"

Bibi Paulina akavuta khanga, akafunika nusu ya uso, ingawa msimamizi alikuwa mbali naye.

"Yule ni mume wa binti yangu. Nitamfuataje nimwambie umekosea? Anaheshimika. Kilima kile kimefufuka kwa mikono yake. Nilimwambia Ruthu amdokeze taratibu. Sijui kama alimdokeza. Sasa yuko Mpwapwa kwenye semina ya mifugo. Akirudi ataelezwa."

Kuku alipita. Ulimboka aliutazama mkono wake mwenyewe. Zaitun alikuwa amefanya kazi hii muda mrefu, na alijua kwamba ukweli hauna budi kusemwa, lakini hauna budi pia kubebwa na mtu, na kwa kawaida anayeubeba si yule anayeusema. Alisogea kutoka kwenye mkeka wake, akakaa karibu kabisa na bibi, mabega yakigusana.

"Bibi, hayuko Mpwapwa."

Akamweleza. Alitumia maneno machache, na hakuyapamba. Bibi Paulina hakulia. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu.

"Amekula?"

"Amekula maandazi."

"Maandazi si chakula," bibi alisema. "Niinueni."

*

Gladness, ambaye Zaitun alikuwa amempigia simu kuhusu magome, alifika kituoni mchana ule akitokea kilimani, viatu vyake vyeupe kwa vumbi na mikono imechanwa na miiba. Yasinta alikuwa amempitisha kisiki kwa kisiki, na kila alipoukosa ukanda wa gome, Yasinta alimshika kidole na kukiweka juu yake, bila kumcheka.

"Yapo," alimwambia Zaitun. "Mpaka juu kabisa. Tulipita pale pale wiki iliyopita, tukaona majani makavu."

Bibi Paulina aliketishwa kwenye benchi la ukumbini, mgongo ukielekea mlango wa chumba cha mahojiano, kapu la vitambaa miguuni na bakuli lililofunikwa mapajani. Ndani, Nathanaeli aliketi akiutazama ukuta. Zaitun alisimama kizingitini, maana mtu alihitajika wa kusimama pale.

"Inspekta," bibi alisema, "mwambie huyo aliye ndani kwamba habari za Mpwapwa nimezisikia."

"Amesikia, bibi."

"Mwambie mimi siyo yai."

Kutoka ndani sauti ikasema, "Inspekta, mwambie mzazi aliye nje anisamehe."

"Mwambie hakuna wa kusamehewa hapo. Mwambie binti yangu nilimwoza nikiwa na akili zangu."

Koplo Ulimboka aligundua kwamba kuna kazi nje, akatoka akipenga kamasi.

Gladness alichukua maelezo kwa mkono wake mwenyewe, kisha akamuuliza bibi, kwa adabu, kwa nini hakuja ofisini kuomba rangi ibadilishwe.

"Hiyo karatasi yenu ya nyekundu iliandikwa wapi, mama?"

"Dodoma mjini. Makole."

"Na walioiandika walimuuliza nani wa huku?"

Gladness alifikiri kwa uaminifu. "Walichagua rangi inayoonekana kwa mbali."

"Imeonekana," bibi alisema.

Hakusema kwa kejeli, ndiyo maana Gladness aliinamisha kichwa. Alifunga kalamu. "Siwezi kuahidi kwa niaba ya wakubwa zangu," alisema. "Naahidi nilichokiona. Nitaandika kwamba miti yote ina alama, na kwamba alama hiyo inaheshimiwa na watu wanaopita na panga. Hiyo ndiyo kazi ya alama. Na nitawaleta wenyewe wapande, kabla hawajasaini kitu kuhusu awamu ya pili. Mama Yasinta amekubali kuwashika vidole."

"Na jalada?" askari wa zamu aliuliza.

"Hakuna wizi, hakuna uongo," Zaitun alisema. "Andika hivyo. Mtu huyu anakwenda nyumbani."

Ikabaki njia ya kutoka. Mlango ulikuwa mmoja, na benchi la bibi lilikuwa kando yake. Nathanaeli alisimama kizingitini na hakuweza kusogea. Basi Bibi Paulina akaliweka bakuli pembeni ya benchi, akavuta khanga mpaka ikamfunika kichwa chote, akageuka kwa shida akiinua miguu yake iliyovimba kwa mikono, akauelekeza uso wake kwenye ukuta. Njia ikawa wazi. Nathanaeli akapita amejiinamia, akalichukua bakuli kwa mikono miwili, akatoka.

Alikaa kwenye ngazi ya nje. Bakuli lilikuwa na ugali wa uwele na mlenda, Zaitun aliisikia harufu yake, na kifuniko kilikuwa kimefungwa kwa ukanda wa gome, fundo juu, limekazwa sawasawa kwa ajili ya safari. Ulimboka alitoa kisu cha mfukoni, akamnyooshea.

Nathanaeli akatikisa kichwa. Aliliweka bakuli gotini na, ingawa alikuwa na njaa, akaanza kulifungua fundo lile kwa kucha, taratibu, ili gome libaki zima.